Mumosho: Mbwa afundishwe mbele ya kuuma mtoto wa mgeni

Katika vijiji vya Mumosho, mbwa wa nyumbani anafungwa mchana na kufunguliwa usiku. Kazi yake ni moja: kubweka mtu asiyemjua akikaribia. Lakini tangu Februari 2025, vita ilipofika Kavumu na Bukavu, watu asiowajua wanalala ndani ya kiwanja kilekile anachokilinda. Ni familia zilizokimbia, zikapokelewa na ndugu au watu wema. Mtoto wao akitoka usiku kwenda chooni, mbwa atajuaje kama huyo ni mgeni au mwizi?

Wenye mbwa wengi wanajibu kwa fimbo, na fimbo inaharibu. Mbwa anayepigwa kila akimngurumia mgeni anajifunza jambo moja: mgeni akitokea, maumivu yanafuata. Anaacha kunguruma, lakini woga unabaki. Siku nyingine atauma bila kuonya.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mbwa anafundishwa kwa mkono wenye kitu. Mwenye mbwa ashike kipande kidogo cha ugali au sambaza moja juu ya pua yake, akisogeze polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Mbwa atakifuata kwa macho na kukaa chini mwenyewe. Hapo hapo asikie "Kaa", apewe, asifiwe. Akipewa baadaye, hataelewa anasifiwa kwa lipi. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Kisha afundishwe "Kuja" kwa njia hiyo hiyo, na asiitwe hata siku moja ili apigwe.

Nyumba nzima itumie neno moja. Baba akiamuru kwa Mashi, mama kwa Kiswahili, na mtoto wa shule kwa Kifaransa, mbwa atasikia kelele tu.

Mgeni akifika, mbwa afungwe kamba. Mgeni asimame mbali kidogo, asimkazie macho, amtupie kipande. Wafanye hivyo siku kadhaa, wakikaribia polepole. Watoto wa pande zote waambiwe: mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto hashikwi.

Kuna watakaouliza: chakula cha watoto hakitoshi, cha kufundishia mbwa kitatoka wapi? Hakihitajiki chakula kingine. Mabaki ambayo angekula jioni yakatwe vipande vidogo kama punje ya haragi, ayapate kwa kazi.

Wengine wanaogopa kwamba mbwa asiyepigwa hatalinda. Wafikirie mbwa wa Mbuga ya Virunga, wanaofanya kazi na walinzi wa mbuga tangu 2011. Wanafuata harufu ya wawindaji haramu porini, na wamefundishwa kwa sifa na zawadi. Hakuna anayewaita mbwa walegevu.

Mafundisho hayachukui nafasi ya chanjo. Kichaa cha mbwa, ambacho wengi wanakiita raji, kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara kinaua. Aliyeumwa asafishe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wa nyumbani. Asingojee kuona kama ataugua.

Wakubwa wa vijiji wanapoomba nyumba ipokee waliokimbia, waulize pia: hapa kuna mbwa? Amechanjwa? Anajua kukaa? Aliyekimbia risasi ameacha nyumba, shamba na ng'ombe. Haifai mtoto wake aogope kwenda chooni mahali alipoambiwa kwamba sasa yuko salama.