Mashine ya Barafu Ikiharibika, Chunguza Maji Kwanza

Siku hizi katika maghorofa ya Kizingo si ajabu kukuta friji kubwa inayotengeneza barafu yenyewe. Mpira mwembamba huleta maji kwa nyuma, mashine hujaza trei yake, na vipande vikishaganda huanguka katika ndoo iliyomo ndani ya friza. Kwa joto letu la pwani hiyo ni neema. Taabu huanza siku barafu inapokataa kutoka, au inapotoka vipande vidogo vyenye harufu na ladha ya chumvi. Hapo fundi huitwa. Maoni yangu ni kwamba kabla fundi hajafungua parafujo hata moja, mwenye nyumba ajiulize maji yanayoingia humo yametoka wapi.

Mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya miji ambayo mifereji yake haikauki. Kisiwa cha Mombasa hakimo. Maji yetu husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, mengine hutoka Baricho, na bado hayatoshi. Mfereji ukikauka, tangi la juu ya jengo hujazwa maji ya kisima au ya lori. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na yakipita katika vali ile ndogo ya friji huacha ukoko mweupe unaoziba njia. Tangi likikaribia kwisha, nguvu ya maji hupungua na vipande huwa vidogo. Umeme nao ukipotea, barafu huyeyuka. Ukirudi, hugandamana kuwa pande moja linalokwamisha mashine. Filta iliyopitisha miezi 6 bila kubadilishwa huziba vilevile.

Sasa tazama dawa ya fundi mwenye haraka. Huitoa filta, akaunga mpira moja kwa moja, na barafu ikaanza kumiminika. Watoto wanashangilia, fundi analipwa. Lakini uchafu wote wa tangi sasa unaingia katika glasi bila kizuizi. Na hata filta yenyewe msiitegemee mno, kwani nyingi huondoa harufu na takataka tu. Hazikutengenezwa kuzuia bakteria.

Mgonjwa akija kwangu na tumbo la kuendesha, mara nyingi huniambia, "Daktari, sisi maji ya kunywa twachemsha." Nami humwamini. Nikiuliza habari za barafu iliyotiwa katika juisi ya ukwaju wakati wa kufuturu, hunyamaza. Watu wengi hudhani baridi huua vijidudu. La hasha! Baridi hupunguza idadi yake na kuvilaza vilivyobaki. Barafu ikiyeyuka katika juisi, huamka. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, vinywaji vya barabarani vilivyotiwa barafu vilikuwa miongoni mwa njia zilizokieneza. Nasi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Kenya iliingiliwa tena na maradhi hayo kuanzia Oktoba 2022. Homa ya matumbo nayo hupita njia hiyohiyo.

Basi mashine ikiharibika, ichomoe kwenye umeme na ufunge maji yake. Mwaga barafu yote, hata ile inayong'aa. Usichokoe pande lililoganda kwa kisu, maana ukitoboa bomba la gesi utanunua friji nyingine. Acha mlango wazi liyeyuke. Osha ndoo kwa sabuni, kisha kwa Jik isiyo na manukato, kijiko 1 kikubwa katika lita 4 za maji, suuza kwa maji yaliyochemshwa na uikaushe. Fundi akimaliza, hakikisha ameweka filta mpya, na barafu ya siku ya kwanza uimwage.

Lakini nasema wazi: kama tangi lenu hujazwa kwa kisima au lori, heri mashine hiyo ibaki imefungwa. Chemsha maji, yaache yapoe, yagandishe katika trei za plastiki kama walivyofanya mama zetu. Najua wengine watanuna, kwani friji ile wameilipia fedha nyingi. Hao wamwulize msimamizi wa jengo tangi lilioshwa lini mara ya mwisho. Jibu lake litawasaidia kuamua.

Nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye upungufu wa kinga isingoje hata jibu hilo. Na yeyote akianza kuharisha choo kama maji ya kuoshea mchele, apewe mara moja maji ya ORS huku akipelekwa hospitali. Fuateni kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa.