Simu Umenunua Wewe, Ufunguo Anao Nani?

Wadau, mijadala ya simu vijiweni siku zote huishia kwenye kamera na GB. Mambo mawili yanayoamua kama simu utakaa nayo mwaka mmoja au mitano watu hawayagusi: je, inakubali laini yoyote? Na betri ikichoka, inatolewaje? Wengi huyaona ni mambo tofauti. Mimi naona ni swali lilelile: ukishalipa hela yako, mwenye simu ni nani?

Tuanzie Marekani. iPhone ya kwanza iliingia madukani tarehe 29 Juni 2007 kwa dola 499 au 599, na pamoja na bei hiyo ulitakiwa uingie mkataba wa miaka miwili na AT&T. Mtandao mwingine hakuna. Kufuli lenyewe wala si la chuma. Kila laini imebeba namba inayoanza na tarakimu tatu za nchi kisha za mtandao, Tanzania ikiwa 640 na Kenya 639. Simu iliyolokiwa ikisoma namba isiyo ya bwana wake, inagoma. Ni programu tu inayokukatalia, vifaa vyote vya kunasa mtandao mwingine wa GSM vimo humo ndani.

Agosti 2007 kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, George Hotz, akalivunja kufuli hilo. Moja ya simu alizofungua akaibadilisha kwa gari, Nissan 350Z, na iPhone nyingine tatu juu. Gari kwa simu, jamani! Kufika Septemba Apple wakatoa toleo jipya la programu, na baadhi ya simu zilizokuwa zimefunguliwa zikageuka tofali.

Sasa kufuli lina thamani gani? Ujerumani walituonyesha. Novemba 2007 Vodafone walikimbilia mahakamani, na kwa siku chache T-Mobile wakalazimika kuuza iPhone isiyo na kufuli wala mkataba: euro 999. Ileile yenye mkataba ilikuwa euro 399. Piga hesabu mwenyewe. Mapema Desemba amri ikaondolewa, na ile bei ya 999 ikayeyuka.

Kampuni husema, tumekupunguzia bei ndiyo maana tumekufunga. Hoja ina ukweli wake, hakuna wa kukukopesha bure. Ila mkataba ukiisha deni nalo limeisha, kufuli linabaki la nini? Marekani ilifika mahali kufungua simu yako mwenyewe kukahesabika ni kuvunja sheria ya hakimiliki, ndiyo, hiyohiyo ya miziki na filamu. Maktaba ya Bunge lao ilitoa ruhusa mwaka 2006 na 2010, halafu kuanzia 26 Januari 2013 ikaiondoa kwa simu mpya. Watu zaidi ya 100,000 wakasaini malalamiko, na 1 Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kurudisha ruhusa hiyo. Kanada ikapiga marufuku kuuza simu zilizolokiwa kuanzia Desemba 2017, Uingereza Desemba 2021. Kwa hiyo kufuli la mtandao, katika nchi hizo walau, limekuwa likilegea.

Lakini wakati watu wanashangilia hilo, mlango wa nyuma ulikuwa unapigwa gundi.

Rudi Agosti 2007 hiyohiyo. Nokia walitangaza kwamba betri za BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata moto kupita kiasi. BL-5C mnaijua, hadi leo imo kwenye redio ndogo za mkononi. Dawa ilikuwa nini? Fungua kifuniko, soma namba ya betri, uletewe nyingine. Simu inabaki mfukoni kwako. Sasa linganisha na Samsung Galaxy Note 7 ya mwaka 2016, ambayo betri yake ilifungiwa ndani. Zilipoanza kuwaka moto, zikarudishwa simu nzima nzima, kama milioni 2.5 kwa awamu ya kwanza. Waliobadilishiwa nao zikawaka, na Oktoba simu hiyo ikaachwa kutengenezwa kabisa. Kioo kizima, kamera nzima, vyote vikaondoka na betri.

Betri ya lithiamu haifi ghafla, inachakaa. Apple wenyewe wanasema iPhone za kabla ya 15 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 500, na kuanzia 15 mizunguko 1,000. Ukitumia chaji nzima kila siku, 500 ni chini ya mwaka mmoja na nusu. Na joto linaiharakisha, kwa hiyo aliyeko Dar au Mombasa asitegemee hesabu ya Ulaya. Tena si kwamba chaji haikai tu. Betri iliyozeeka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo maana simu inasoma asilimia 30 halafu inajizima ukifungua kamera.

Apple walilitibu hilo Januari 2017 kwa programu iliyopunguza kasi ya simu zenye betri chovu, bila kuwaeleza wateja waziwazi. Ikajulikana Desemba. Wakaomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Ufaransa ikawatoza euro milioni 25 Februari 2020, na mwezi uliofuata wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Lakini ushahidi ninaoupenda mimi ni barua ya Tim Cook kwa wawekezaji ya Januari 2019. Akieleza kwa nini mauzo ya iPhone yameshuka, moja ya sababu alizotaja ni watu kubadilisha betri kwa bei nafuu. Isome mara mbili. Mtu akipata betri, simu mpya haitaki!

Hili linatuhusu sisi kuliko wao. Simu nyingi za Kariakoo na Luthuli Avenue zimeshatumika kwingine, na anayenunua hapa anarithi kufuli la mwenzake na betri ya mwenzake. Kwa hiyo tia laini yako mwenyewe kabla hujatoa hela. Kwenye iPhone ingia Settings, General, About, utaona kama imefungwa kwa mtandao, kisha angalia afya ya betri.

Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vipatikane miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Betri pia itolewe na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa simu ikiwa haiingizi maji na betri yake ikifikisha mizunguko 1,000 ikiwa bado na asilimia 80. Hiyo "isipokuwa" ni tundu la kupita lori. Hata hivyo simu za sheria hiyo ndizo zitakazotufikia baada ya miaka michache, na zitakuwa nafuu kuliko za sasa.

Na kufuli nalo limerudi kwa dirishani. Kenya, Julai 2020, Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo: kianzio, halafu shilingi 20 kwa siku. M-KOPA nao wanakopesha simu hivyohivyo. Usipolipa, simu inajifunga. Siwalaumu kwa hilo, kuna watu wasingeshika simu ya maana bila mpango huo. Ninachouliza ni nini kinatokea siku shilingi ya mwisho imelipwa. Kufuli linatoka kabisa, au limelala tu? Anayeuziwa simu hiyo atajuaje?

Mamlaka zetu zinajua kuigusa simu moja moja. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, Tanzania Juni 2016, zote kwa namba ya IMEI. Mkono ulioweza kuzima simu ya mtu usiku mmoja ungeweza pia kumdai mkopeshaji cheti cha kufuli kutolewa, na kumdai muuzaji aandike kwenye boksi betri ni ya mizunguko mingapi. Wenye simu za mkopo mliomaliza kulipa, zenu zilifunguliwa baada ya siku ngapi?