Hasara ya mkulima haiko angani

Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,700, na ndege huchukua zaidi kidogo ya saa 8. Mkulima wa maua au mishiri hawezi kupunguza muda huo hata dakika moja. Kinachomtia hasara ni saa zinazotangulia: mazao kuchumwa jua likiwaka, kusafirishwa kwa gari lisilo na jokofu, kisha kukwama kwenye foleni. Ua lililopata joto njiani hunyauka mapema, na wanunuzi wa mnadani Uholanzi hawana huruma. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yaliposimamisha ndege, maua mengi ya Kenya yaliishia kutupwa. Hilo lilikuwa janga. Barabara mbovu ni uzembe. Serikali za kaunti zizikarabati kabla ya mvua, na vyama vya wakulima vijenge vyumba vya baridi karibu na mashamba.