Sanduku si fidia: haki ya familia baada ya ajali ya barabara

Tunajua namna mambo yanavyoendeshwa katika miji na vijiji vyetu gari linapoua mtu. Mwenye gari, au mjumbe wake, anafika kwenye matanga. Analeta sanduku, magunia ya mchele na maharagwe, mafuta ya kupikia, na bahasha ya kusaidia usafiri wa maiti. Wazee wanamshukuru kwa sababu hakukimbia. Kisha, kabla kaburi halijamaliza kuchimbwa, karatasi inatolewa. Imeandikwa kwamba familia imekubali, mambo yamekwisha, haitadai kitu tena. Mjomba mmoja anatia sahihi. Mjane yuko ndani, amekaa chini kati ya wamama wanaolia naye, wala hakuulizwa.

Miezi michache ikipita, mchele umekwisha. Mwenye nyumba anadai kodi, na mtoto wa sekondari amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa malipo. Mjane akianza kuuliza, anajibiwa kwamba familia ilikwisha kusamehe, tena mbele ya mchungaji.

Hapo ndipo shida ilipo. Tumechanganya mambo matatu yasiyo sawa: msaada wa matanga, msamaha, na fidia. Msaada wa matanga ni utu. Msamaha ni agizo la Bwana wetu. Fidia ni haki ya wale walioachwa bila mtu wa kuwalisha. Mtu anaweza kupokea la kwanza na kutoa la pili bila kupoteza la tatu.

Sheria ya Kongo inasema nini

Sheria inaangalia ajali ya kifo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kosa la jinai. Kitabu cha sheria za adhabu, katika vifungu vya 52 na 53, kinasema kwamba mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, anaweza kufungwa toka miezi 3 mpaka miaka 2 pamoja na kulipa faini. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inaongeza makosa mengine, kwa mfano kukimbia baada ya kugonga mtu. Faini inayolipwa huko inaingia katika mfuko wa serikali. Familia isidhani kwamba shoferi akilipa faini, au akilala gerezani, basi wao wamelipwa.

Njia ya pili ni ya fidia. Kitabu cha sheria za kiraia, katika vifungu vya 258 mpaka 260, kinasema kwamba aliyeleta hasara kwa kosa lake, au kwa uzembe wake, anapashwa kuitengeneza. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi: tajiri anajibu kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa kazini, na mtu anajibu pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kwa lugha rahisi, shoferi wa Fuso asiye na kitu mfukoni si mtu wa mwisho wa kuulizwa. Nyuma yake yuko mwenye Fuso. Nyuma ya motari anayelipa versement kila jioni, yuko mwenye moto.

Na nyuma ya mwenye gari kuna asiransi. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye moteri kinachotembea barabarani, pamoja na moto, kinapashwa kuwa na asiransi ya kulipa watu wengine kinaowaumiza. Sheria ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, hivi kwamba SONAS haiko peke yake tena. Kwa hiyo familia isiishie kujua tu jina la shoferi. Ijue pia gari lina asiransi ya kampuni gani, na karatasi yake ni ya namba gani. Kampuni hiyo ilipokea pesa za mwenye gari kwa ajili ya siku kama hii. Familia inayoacha kuidai haimhurumii mwenye gari. Inaiachia kampuni pesa zilizokwisha kulipwa.

Makamioni ya inchi za jirani

Mashariki mwa Kongo inaishi kwa bidhaa zinazopita Kasindi, Mahagi, Bunagana na Uvira. Magari mengi yanayozileta yana plake za Uganda, Kenya au Tanzania, na watu wanafikiri kwamba gari likivuka mpaka kurudi kwao, kesi imekufa. Si hivyo. Magari ya inchi hizo yanaweza kuwa na kadi ya manjano ya COMESA, ambayo ni asiransi inayotambuliwa kutoka inchi moja mpaka nyingine, na Kongo inashiriki katika mpango huo. Namba ya kadi hiyo inapashwa kuandikwa na polisi siku ileile, kwa sababu kesho gari litakuwa ng'ambo ya mpaka.

Hatujasahau Sange, katika teritwari ya Uvira. Tarehe 2 Julai 2010 kamioni ya mafuta iliyotoka upande wa Tanzania ilipinduka hapo. Mafuta yalimwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka na kufika kwenye nyumba, hata mahali vijana walipokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu miili haikuweza kutambulika. Msiba ule unatufundisha mambo mawili. Kwanza, mhanga wa ajali si abiria peke yake. Aliyekuwa ameketi nyumbani kwake ni mhanga pia. Pili, mtu akizikwa bila jina kuandikwa popote, familia yake inapata shida kubwa kuonyesha hata kwamba alikufa.

Karatasi zinazobeba kesi

Kesi za ajali hazipotei sana mbele ya jaji. Zinapotea katika siku tatu za kwanza, wakati sisi sote tunashughulika na maiti. Kwa hiyo familia imchague mtu mmoja ambaye hatapika wala hatachimba kaburi. Kazi yake ni karatasi tu.

Ahakikishe kwamba polisi ya barabara imefika na kuandika PV, na aandike namba yake. Apige picha za mahali, za plake, na za karatasi ya asiransi, ambayo mara nyingi imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Aandike majina na simu za watu wawili au watatu walioona kwa macho yao. Hospitalini aombe cheti cha munganga kinachoeleza majeraha na sababu ya kifo. Kisha aende kwenye ofisi ya etasivili kuandikisha kifo na kupata hati yake. Risiti za dawa, za morgi na za mazishi ziwekwe katika bahasha moja.

Na vijana wetu wasikie hili: gari likichomwa na shoferi akipigwa, familia ya marehemu ndiyo inayopata hasara ya pili. Plake imeungua, karatasi ya asiransi imeungua, shoferi ambaye angeeleza amekufa au amekimbia. Na aliyechoma naye sasa ana kosa la kujibu.

Nani wa kulalamika, na kwa muda gani

Kesi ya mauaji yasiyokusudiwa inasikilizwa na tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix. Familia inaweza kuungana na kesi ya parke kama upande unaodai fidia, ao kumwita mshitakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali, ao kufungua kesi ya kiraia peke yake. Shoferi akiwa askari au polisi, faili inaelekea kwa oditora ya kijeshi. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini ili apunguziwe mzigo wa gharama, na vyama vya waavoka vina ofisi za kutoa shauri bila malipo.

Lakini saa inatembea. Kwa kifo kisichokusudiwa, haki ya kufuata kosa la jinai inaisha baada ya miaka 3 tangu siku ya ajali, ikiwa hakuna hatua ya uchunguzi iliyofanywa. Kwa majeraha peke yake ni mwaka 1 tu. Aliyevunjika mguu na kusema “nipone kwanza” anaweza kupona akute mlango umefungwa.

Jambo hili ni zito zaidi katika majimbo yetu leo. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katika Februari. Tangu hapo tribinali na parke za serikali katika miji hiyo hazikuendelea kama zamani, banki zilifungwa, na familia nyingi zilihama. Pale ambapo leo hakuna jaji wa kupokea kesi, karatasi zinakuwa na thamani zaidi. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kwa ndugu aliye katika mji mwingine, na picha zake katika simu.

Liko pia swali la mjane mwenyewe. Mbele ya sheria, ndoa iliyobarikiwa kanisani bila kuandikishwa kwa etasivili haitoshi, na ndoa ya kimila isiyoandikishwa inaleta ubishi palepale mjane anapohitaji kutambuliwa. Wakwe wanasema yeye si mke, wanapokea pesa, wanagawana. Watoto wasioandikishwa wanaingia katika shida hiyohiyo. Mchungaji anayefunga ndoa bila kuuliza cheti cha etasivili anaandaa, bila kujua, siku ambayo dada huyu atafukuzwa mikono mitupu.

Kupatana kwa kweli

Hatusemi kwamba kila kifo kiende tribinalini. Kesi ni ndefu, zinakula pesa, na Bwana Yesu mwenyewe anatushauri tupatane na mshitaki tungali njiani. Kupatana ni kuzuri, lakini kuna kupatana na kuna kunyamazisha. Kupatana kwa kweli hakufanywi kabla ya maziko. Mjane yupo na anasema. Hesabu inafanywa waziwazi: marehemu alikuwa akileta nini nyumbani, ana watoto wangapi, mdogo ana miaka mingapi. Karatasi inaandika kiasi, tarehe za kulipa, na jina la atakayepokea kwa ajili ya watoto. Inaandika pia kwamba msaada wa matanga ulikuwa msaada, na kwamba haki ya familia mbele ya asiransi inabaki. Kama inawezekana, avoka aisome kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Wenye magari nao wako katika kanisa letu, na wengine wanaketi viti vya mbele. Kwao kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina neno lililo wazi. Kinasema juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe alikuwa hajui, anaachiliwa. Kama alikwisha kuonywa na hakumfunga, damu iko juu yake. Tajiri aliyeambiwa na shoferi kwamba freni hazishiki, naye akasema “fika Beni kwanza,” amekwisha kuonywa. Anayemlazimisha shoferi kutembea usiku kucha, au kupandisha abiria juu ya mizigo, amekwisha kuonywa. Sura hiyo haimwambii anunue sanduku tu.

Kwa hiyo kila kanisa mahalia linaweza kuanza na mambo madogo ambayo hayahitaji bajeti. Chama cha wamama kimjue mmoja wao anayeweza kuketi na mjane na kumwambia asitie sahihi leo. Mashemasi wawe na orodha ya karatasi zinazohitajika na simu ya avoka mmoja mwaminifu. Mchungaji akiombwa kushuhudia mapatano, aulize kwanza: mjane yuko wapi? Akijibiwa kwamba analia ndani, aifunge kalamu yake na kungoja.