Eti komba ni komba tu

"Komba ni komba tu." Nimeyasikia maneno haya kwa watu wenye shahada zao, tena kwa kicheko, kana kwamba wanaotenganisha spishi wamekosa kazi. Haya, nenda Kilwa ukamwambie mvunaji wa mbao kwamba mti ni mti tu. Mpingo, mninga, mkongo: kila mmoja una bei yake, na vijiji vya huko vilivyopata cheti cha kimataifa cha misitu mwaka 2009 havikukipata kwa kuandika "miti" kwenye fomu.

Komba wa Rondo hauzwi. Ana uzito wa gramu 60 hivi, mkia uliotimka kama brashi ya kuoshea chupa, hutoka usiku na chakula chake kikubwa ni wadudu. Si yule komba mkubwa tunayemsimulia kuwa hunywa tembo la mgema mpaka akalewa. Vielelezo vyake vya kwanza vilichukuliwa kusini mwa Tanzania miaka ya 1950, vikakaa makumbusho miongo minne vikihesabiwa kuwa vya komba wengine. Waliokuja kumtenga walimsikiliza kwanza: mlio wake haufanani na wa jirani zake. Wakachunguza na maumbile ya madume. Jina lake la kisayansi likachapishwa 1997, kisha 2017 akahamishiwa jenasi mpya, Paragalago. Hapo wenye kicheko hucheka zaidi: wataalamu wenyewe hawajielewi!

Jenasi ibadilike itakavyo, mnyama hajali. Kilichobadilika mwaka 1997 ni hesabu. Kabla ya hapo, msitu wa Rondo, Litipo au Chitoa ukikatwa, jibu lilikuwa jepesi: komba wapo tele pwani nzima. Baada ya hapo ikaonekana kwamba huyu ana vipande vichache tu vya msitu, vikiwemo vya Lindi, na Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam. Kuanzia orodha ya 2006, akatajwa mara kadhaa miongoni mwa primati 25 walio hatarini zaidi duniani. Ni mnyama yuleyule, msitu uleule.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba huu ni ubishi wa maprofesa. Afisa akijaza "komba" tu kwenye orodha ya wanyama wa Litipo, tanuri la mkaa litakalowashwa pale, kwenye makaratasi halitakuwa limeua kitu.