Masomo ni ya bure, lakini sahani ya mtoto wa Rutshuru iko wapi?



Leo sileti habari za mapigano. Nataka tuongee juu ya saa nne ya asubuhi. Kengele ya rekreasio ikilia katika shule za msingi, angalieni nani anakimbia na nani anabaki. Anayekimbia alikunywa chai kwao, ao ana franka ya mandazi mfukoni. Anayebaki ameegemea ukuta, hakula tangu jana. Katika uwanja wa shule moja hapa Kiwanja niliona watoto wadogo wamepanga mstari kwenye bomba. Nilidhani wananawa. Kumbe walikuwa wanajaza tumbo maji ili warudi darasani.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo. Tulifurahi, na watoto wengi waliingia darasani. Lakini mwalimu anafundisha nini mtoto anayesinzia kwa njaa? Ukimfungulia mtoto mlango wa shule kisha ukamwacha akae na njaa mpaka saa sita, umempa nusu ya haki yake. Mama aliyehama hana shamba. Akipewa kuchagua kati ya kumtuma mtoto shuleni na kumtuma akatafute kuni za kuuza, tumbo ndilo linaamua. Na mara nyingi msichana ndiye anaacha masomo wa kwanza.

Najua mtaniambia: si PAM inapika shuleni? Ni kweli, PAM imesaidia kantini katika sehemu ya shule za Kivu ya Kaskazini, na tunashukuru. Lakini chakula hicho kinatoka kwa wafadhili. Wafadhili wakipunguza pesa, ao barabara ikifungwa, chungu kinazima moto. Haki ya mtoto haiwezi kungojea lori.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure katika shule za msingi, yakaitwa maziwa ya Nyayo. Wazee wa kule wanayakumbuka mpaka leo. Lakini mpango huo ulidhoofika, na miaka ya 1990 ukafa. Kwetu hilo ni fundisho: chakula cha shule kinachosimama juu ya zawadi ya mkubwa mmoja hakidumu. Kinataka pesa iliyoandikwa katika bajeti kila mwaka, na watu wa kuichunguza. Mwaka 2023 jiji la Nairobi lilianza upya kwa kujenga majiko makubwa, na mzazi analipa shilingi 5 tu kwa sahani. Sehemu kubwa ya zinazobaki inatoka katika hazina.

Sisi tunakosa nini? Maharagi ya Rutshuru yanalisha Goma. Mahindi na soya tunalima. Maziwa ya Masisi yanashuka kwa bidoni juu ya pikipiki, na fromaji yake inajulikana mpaka Kinshasa. Ndiyo, vita imemaliza ng'ombe wengi na kuwafukuza walimaji. Basi hiyo ni sababu zaidi ya kununua kwa wale waliobaki. Kikombe cha uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, pamoja na maziwa kidogo pale yanapopatikana, kingelisha mtoto na kumpa mlimaji soko siku moja.

Tangu Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja viko mikononi mwa M23. Kinshasa itasema haifiki huku. Wanaotawala huku watasema vita haijaisha. Mimi nasema hivi: yeyote anayetoza kodi sokoni na kwenye barabara ana deni la kikombe cha uji. Gunia la maharagi halipiti kwenye bariera bila kulipiwa. Sehemu ya pesa hiyo iende wapi, kama si kwa mtoto wa aliyeyalima?

Tunadai mambo matatu. Pesa ya chakula cha shule iandikwe wazi katika bajeti. Chakula kinunuliwe kwanza kwa walimaji na wafugaji wa hapa. Na kamati ya wazazi, akina mama wakiwemo na wale waliohama pia, ishike funguo za depo na kuhesabu kila gunia.

Nanyi wazazi, msinyamaze. Katika mkutano ujao wa shule, ulizeni swali moja tu: saa nne watoto wetu wanakula nini? Wakishindwa kujibu, ulizeni tena mkutano unaofuata.