Mgeni Siku Mbili: Sheria za Korona Zilizogoma Kuondoka

 

Jamani, kuna swali mnaniuliza kila nikipiga simu: ilikuwaje mji kama Melbourne ukawafungia watu majumbani siku 262? Na mbona mpaka leo watu wa huku wakikumbushwa wanagawanyika, huyu anashukuru, yule anatukana? Haya, leo nina nafasi. Acheni niseme langu.

Kwanza mjue Australia ni nchi ya majimbo. Kila jimbo lina bunge lake, polisi wake na mkuu wake, ambaye ni kama Waziri Kiongozi. Korona ilipoingia 2020, mambo mengi ya kufunga na kufungua yaliamuliwa majimboni, siyo Canberra. Sisi tuko Victoria, na mkuu wetu wakati huo alikuwa Daniel Andrews.

Tarehe 16 Machi 2020 Victoria ilitangaza hali ya dharura chini ya sheria ya afya ya mwaka 2008. Sheria hiyo ilikuwa na breki. Tangazo moja lisizidi wiki nne, na yote ukiyaunganisha yasizidi miezi sita. Walioitunga walijua kwamba ukimpa ofisa wa afya uwezo wa kumzuia mtu asitoke kwake, lazima umwekee na siku ya kuurudisha.

Miezi sita ikakaribia kwisha, korona bado ipo. Agosti 2020 serikali ikataka iongezewe miezi 12. Baada ya mabishano marefu ikapewa sita, na baraza la juu lilipitisha kwa kura 20 dhidi ya 19. Kura moja tu! Machi 2021 ikaongezewa tisa nyingine, mpaka 15 Desemba. Na siku hiyo ilipokaribia, hawakuomba nyongeza tena. Walileta sheria mpya kabisa: mkuu wa jimbo mwenyewe ndiye anayetangaza janga, na mwenyewe ndiye anayerefusha, hadi miezi mitatu kwa mpigo, bila kikomo cha jumla.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu alikaa karibu miaka miwili, na mwisho akapewa chumba chake.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si katika wale waliosema korona ni uongo. Mwaka 2020 peke yake ugonjwa uliua zaidi ya watu 800 katika jimbo hili, wengi wao wazee waliokuwa kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kufunga kulisaidia, na wimbi lile lilizimwa. Wala sisemi muda usiongezwe hata siku moja. Ugonjwa hausomi kalenda.

Ninalosema ni hili: siku ya kuongeza muda ndiyo siku ya kudai hesabu. Uliyepewa madaraka ya muda unarudi mbele ya waliokupa, unaulizwa umeyatumiaje. Ukiondoa siku hiyo, umeondoa swali lenyewe.

Na swali lilikuwepo, ndugu zangu, na liliwahusu watu kama sisi. Tarehe 4 Julai 2020, Jumamosi alasiri, serikali ilitangaza kwamba maghorofa tisa ya nyumba za serikali, huko Flemington na North Melbourne, yanafungwa saa hiyo hiyo. Humo mlikuwa na watu kama 3,000, na wengi ni wahamiaji na wakimbizi: Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani. Walichungulia dirishani wakaona polisi wamezunguka jengo. Hakuna aliyepewa nafasi ya kwenda kununua maziwa ya mtoto wala dawa ya presha. Majengo manane yalifungwa siku tano, la tisa wiki mbili. Sisi wengine tuliokaa mitaa mingine tuliruhusiwa kwenda dukani.

Deborah Glass, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali ya jimbo, alitoa ripoti Desemba 2020. Alisema kuwafungia ghafla namna ile kulivunja sheria ya haki za binadamu ya jimbo lenyewe. Ofisa aliyetia saini amri hiyo alikuwa na kama dakika 15 tu za kuipima. Glass akapendekeza wakazi waombwe radhi. Serikali ikakataa. Na miezi mitatu baadaye, serikali hiyo hiyo ikarudi bungeni kuomba miezi tisa zaidi, ikapewa.

Hapo ndipo ninapouma meno. Mwenye deni hajalipa, bado unamwongezea mkopo? Fidia ya dola milioni 5 kwa wakazi ilikuja 2023, kwa njia ya mahakama.

Haki yake nayo niitaje. Sheria mpya ililazimisha sababu za kila amri zichapishwe, pamoja na maelezo kuhusu haki za watu, na ikaweka kamati za kuangalia. Hayo ni mazuri. Lakini kamati haiwezi kuchukua nafasi ya kura ya wazi, kila mbunge akisimama kuhesabiwa. Tangazo lilizimwa Oktoba 2022, ila sheria yenyewe haikufa nalo.

Nyinyi mnalijua hili kuliko wazungu wa huku. Kafyu yenu ilianza 27 Machi 2020, ikasogezwa na kusogezwa tena mpaka 20 Oktoba 2021. Na wazee wanakumbuka hali ya hatari ya mkoloni, iliyotangazwa Oktoba 1952 ikaondolewa Januari 1960. Dharura ina tabia ya kuzoea kiti.

Basi ombi langu, huku na huko, ni dogo. Sheria ya dharura ijifie yenyewe kwa tarehe. Anayetaka kuirefusha aende bungeni, muda mfupi mfupi, na kabla ya kupigiwa kura ajibu aliowaumiza mara iliyopita.

Haya, nyie mwaonaje? Niandikieni, hata mkinipinga. Wasalimieni wote.